Maharage Yaliyougua

Jumanne, Mollo

Nimechoka, hata kukasirika siwezi. Mama Justa, anayenipalilia shamba la majaribio, leo ameng'oa miche yote ya maharage iliyooza mizizi, akaichoma.

"Nimekusafishia, mwanangu. Wageni wakija wasikucheke."

Nikamwambia asante.

Miche ile ni wajukuu wa mbegu mbili nilizozichanganya: ya kienyeji, isiyoshikwa na ukungu wa udongo unaoozesha mizizi, na ile tamu, inayouawa na ukungu huo. Nilitaka kuhesabu mingapi imerithi kinga na mingapi haikurithi. Sasa nimebaki na mapengo. Sijui lipi la mche mgonjwa, lipi la mbegu ambayo haikuota.

Msimu mzima...

Na kosa ni langu. Nilimwambia apalilie, sikumwambia miche migonjwa naihitaji.

Shamba linapendeza kuliko yote hapa Mollo. Halina la kuniambia.