Aliyemkabidhi Avelina

Temeke, Dar es Salaam
Jumatatu, 9 Novemba 1953

Kwa kaka yangu mpendwa Salumu Mfaume,
Lindi.

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka. Sisi huku tu wazima, ila Mama anasumbuliwa na goti lile lile, na mvua za vuli zikianza litamsumbua zaidi. Wewe hujambo? Wifi hajambo? Mama anauliza kama mtoto ameota meno, na kama yalianza ya juu au ya chini. Tafadhali ujibu hilo kwanza, maana hatatulia mpaka aambiwe.

Barua yako ya mwezi uliopita tuliipata, na kitambaa pia, ahsante sana. Nilimsomea Mama ukurasa wa kwanza. Wa pili sikumsomea. Ndio ule ulioandika kwamba Maalim Swalehe ameshuka Lindi kwa meli na anakaa kwa mpwa wake, na kwamba wazee wa msikiti wenu walitaka kumpa watoto awafundishe. Ukasema ulisimama mbele yao ukawaambia mtu huyu amefukuzwa Temeke kwa kumwiba mtoto wa Wakristo na kumsilimisha kwa siri, asipewe hata kuku wa kuchunga. Ukasema pia unaona haya kwamba ndiye aliyekufundisha alifu. Nilipofika hapo nilimwambia Mama barua imeisha.

Kaka, wewe ulisikia kwa watu wa melini. Mimi nilikuwapo. Nakuomba unisome mpaka mwisho, hata kama utanikasirikia njiani.

Ulipoondoka chuo cha Kurani cha Maalim kilikuwa cha kila siku asubuhi. Sasa watoto wote wanakwenda skuli, basi Maalim akakifanya cha Jumamosi na Jumapili, pale pale barazani kwake, kwenye mikeka ile ile. Mimi nilipomaliza darasa la nane nilikaa nyumbani bila kazi, na unanijua nilivyo. Mgeni akipiga hodi mimi nipo uani. Mama Tatu wa nyumba ya pili huwaambia watu kwamba Siwema ataolewa na mlango, kwa kuwa ndio anaojificha nyuma yake. Maalim alikuja mwenyewe kumwomba Mama nikamsaidie. Macho yake yameingia ukungu, watu anawaona kama vivuli. Alisema anahitaji mkono wa kuandika na jicho la kuona, na kwamba mtu asiyesema sana ndiye anayefaa kukaa na Kurani.

Nikawa ninawaandikia wadogo herufi kwenye mbao zao. Nikawa ninaandika hata kombe. Unakumbuka kombe la siku ya kwanza, ile aya ya zafarani kwenye sahani nyeupe, inayooshwa kwa marashi ili mtoto mgeni ainywe. Maalim alikuwa akinisomea, mimi naandika kwa kalamu ya mwanzi, yeye anapitisha pua juu ya sahani kama anaikagua kwa harufu, kisha anasema mwandiko wangu umekaa. Kaka, sijawahi kusifiwa hivyo skuli.

Nyumba inayotazamana na yetu wamehamia watu wa Bukoba. Bwana Ansbert ni karani wa ghala kule Kurasini, mkewe anaitwa Mama Genoveva, na binti yao Avelina ana miaka minane. Ni watu wema. Bwana Ansbert alikuwa akiniletea magazeti akiisha kuyasoma. Kila Jumamosi Mama Genoveva alikwenda kwa masista kujifunza kushona, na mtoto alimwacha kwetu. Alikuwa akinishika bega na kuniambia, Siwema, nakukabidhi huyu, akinisumbua mchape. Avelina alinifuata chuoni, akawa anakaa nje ya ua wa makuti akisikiliza. Watoto wa chuoni walikuwa wakimwimbia mla nguruwe kaa nje, naye alikuwa akiwajibu kwamba wao wala papa wananuka zaidi. Lakini siku moja nilimkuta analia. Alikuwa amechora herufi mchangani kwa kijiti, kuanzia alifu mpaka yee, hakuna hata moja iliyokosa kitone, na wenzake wamezipitia kwa miguu.

Baadaye Avelina alikuwa kwenye mkeka pamoja na wengine, akaitwa Zuwena, na amekwisha kunywa kombe. Namna alivyoingia nitakueleza, nivumilie kidogo. Kwa miezi mitatu aliwapita wote. Maalim alikuwa akisema huyu Zuwena wa jirani ana sikio la pekee, na kwamba siku ya maulidi atamsomesha mbele ya watu.

Siku hiyo haikufika. Mwezi wa nane Avelina alishikwa na homa. Jumapili, baada ya misa, mkatekista Marselino alikwenda kumjulia hali, akapewa kiti na kikombe cha chai. Mtoto amelala pembeni, anaweweseka. Mama Genoveva alieleza baadaye kwenye baraza la jumbe kwamba mwanzo alidhani anaongea na bibi yake wa Bukoba. Kumbe anasoma Alhamdu. Aliisoma yote hadi waladhaalina, kisha akajiitikia amina. Mkatekista akaweka kikombe chini.

Homa ilipomwachia walimwuliza. Alisema alikwenda mwenyewe. Walimchapa, akasema alikwenda mwenyewe. Nilikuwa nasikia kutoka uani kwetu.

Baraza ilikaa kwa jumbe siku ya Jumanne. Wanaume walikuwa mbele, sisi wanawake tumekaa kando kwenye jamvi, Mama amenishika mkono. Bwana Ansbert hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema kama mtu angekuja kumwomba mtoto wake asome chuoni angekataa, lakini angekataa kwa heshima na wangekunywa chai. Sasa baba yake kule ziwani ataambiwa kwamba Ansbert alikwenda pwani akanyang'anywa mtoto hata jina. Jumbe alikuwa akijifuta jasho. Alisema hataki jina lake litajwe bomani kwa yule Mzungu, Bwana Shauri, kwa mambo ya dini. Akauliza kama Siwema ndiye aliyempeleka, na Mama Genoveva mwenyewe akanitetea. Alisema mtoto alimfuata Siwema akae kivulini tu, na Siwema ni msichana ambaye hata kuku hajui kumwambia nenda. Watu wakacheka. Mama akanibana mkono kwa furaha.

Ndipo Bwana Ansbert akauliza jambo moja. Alisema amekaa na Waislamu miaka mingi na anajua kwamba mtoto haingii chuoni kama mbuzi. Lazima mtu amshike mkono, amweke mbele ya mwalimu, aseme nyama yako, mifupa yangu. Basi anataka kumjua aliyesema maneno hayo juu ya binti yake, kwa kuwa si yeye wala mama yake.

Maalim aligeuza uso upande wetu wanawake. Unajua haoni, lakini aliuelekeza pale pale nilipokaa, akangoja. Kaka, alingoja muda wa kutosha mtu kusimama, kujifunga kanga na kusema. Kisha akageuka akasema hakuna aliyemkabidhi. Alimpokea mwenyewe, na jina alimpa mwenyewe.

Aliyemkabidhi ni mimi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wenzake hawajafika, tuko watatu tu. Nilimshika Avelina mkono nikampeleka mbele ya mkeka. Maalim akauliza jina lake nani, nikasema Zuwena. Akauliza ni wa nani, nikasema wa jirani. Akauliza wazazi wake wako wapi, nikasema wamenituma mimi. Nikasema nyama yako, mifupa yangu, kama mama mtu mzima, na sauti yangu haikutetemeka. Kombe nikaliandika kwa mkono wangu, na wenzake walipofika nikawaambia wazazi wake wamekubali na jina lake sasa ni Zuwena. Sikutaka kumtoa kwenye dini yao. Nilitaka akae kwenye mkeka, na nilitaka niwe na mwanafunzi wa kwangu mmoja anayenipenda. Mama yake alinikabidhi mimi, nami nikamkabidhi kwa uongo kwa mzee asiyeona.

Jumbe alifunga chuo siku hiyo hiyo. Baraza ile ya Maalim sasa anauzia mkaa Mpogoro mmoja. Avelina amepelekwa Bukoba kwa bibi yake. Asubuhi ya kuondoka nilisimama mlangoni, yeye akapita na kifurushi chake akitazama chini. Alichapwa na hakunitaja. Mzee alifukuzwa na hakunitaja. Mimi sikupigwa hata kofi.

Siku ya safari Maalim alinipa ile sahani nyeupe. Alisema nisipakulie wali, basi. Hakuniuliza kitu. Juzi nimemkuta Mama ameiwekea muhogo wa wageni, na nilishindwa kumwambia kwa nini isitumike.

Kaka, Maalim hawezi kusoma barua hii. Nakuomba umsomee wewe. Umsomee Ijumaa baada ya sala, mbele ya wazee wale wale uliosimama mbele yao, na jina langu ulitaje pamoja na la baba yetu. Ukifika mahali pa kuona haya usiruke ukurasa kama nilivyouruka wako. Kama watasema nyumba ya Mfaume imelea mwongo, waache waseme. Kama Maalim hatataka kusikia sauti yako, kaa nje ya mlango usome vivyo hivyo.

Mama nitamsomea mwenyewe jioni hii, ukurasa wako wa pili na hizi zangu zote. Halafu nitavuka njia kwenda kwa Mama Genoveva. Sijui nitaanzaje. Nitapiga hodi kwanza.

Msalimie wifi sana na umbusu mtoto. Mama Tatu anakusalimu, anauliza utakuja lini. Usisahau kujibu habari za meno.

Wasalaam,
ni mimi mdogo wako,
Siwema binti Mfaume,
aliyemkabidhi Avelina.