Kuku wa Miguu Mitatu

Huancarama,
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Teódulo,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako, kwako wewe, wifi Melania na watoto. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Goti langu linanisumbua baridi ikizidi, jibini inauzika, na yule ng'ombe mwekundu uliyeniachia amezaa ndama jike. Natumaini kifua chako kimepona, na kwamba huko Santiago umeacha kulala dirisha wazi kama mtu asiye na mama.

Ujumbe wako niliupata, na kusema kweli, kaka, umenikera. Umeniona kwenye runinga nikitoa ushahidi katika kesi ya Saturnina, na badala ya kuniuliza kama siku ile nilikula, unaniuliza kwa nini nilikuwa naangalia chini na nilikuwa naficha nini. Hata wewe, niliyelala nawe blanketi moja! Nimechelewa kukujibu maana ningekujibu vibaya, halafu ningelazimika kwenda kuungama.

Wajua mambo yalivyo. Tangu Abilio afe kwa sumu ya kupulizia viazi, na mkewe Saturnina ashtakiwe kwamba alimtilia kwenye supu, soko letu limegeuka chuo cha kusoma nyuso. Runinga ya Mama Nely iko juu ya sufuria lake la supu ya kuku, na wanawake wote wanaacha meza zao kuja kutazama. Saturnina hakulia, wakasema ana moyo wa jiwe. Kesho yake akalia, wakasema anaigiza, tena vibaya. Alipokunywa maji, Primitiva wa viazi akatangaza kwamba mwenye hatia hukauka koo. Alipoyakataa, Primitiva yuleyule akasema mnaona, anaogopa kutiliwa, yeye si anajua kazi yake! Nikamwambia Primitiva kwamba hajui hata mumewe analala wapi Jumamosi, sasa anasomaje moyo wa mtu kupitia kioo? Amenuna mpaka leo, hata chumvi haniazimi.

Na huko Lima, kwenye runinga, wamemweka bwana mmoja mwenye miwani, wanasema ni mtaalamu wa kusoma ishara za mwili. Anasimamisha picha, anachora duara jekundu kwenye kidole cha Saturnina, halafu anatikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa.

Lakini kilichonitoa moshi ni habari ya nguo. Mwendesha mashtaka, kijana wa pwani, alisema mjane aliharakisha nguo za marehemu zifuliwe siku ya tano ili alama za sumu zipotee. Siku ya tano, kaka! Zingefuliwa lini tena, na sisi huku nguo za wafu wetu huzifua mtoni siku hiyo? Wewe mwenyewe ulikanyaga blanketi za marehemu baba mtoni huku ukipiga mayowe kwamba maji yanauma. Yule kijana namsamehe, kwao hawana desturi hiyo. Lakini Mama Nely! Nilimfulia poncho za sufu za marehemu baba yake mpaka vidole vikafa ganzi, na sasa anakatakata kitunguu akiuliza eti ile haraka ya kufua ilikuwa ya nini. Nikamwambia kama ni hivyo, basi na yeye alimuua baba yake. Akanijibu, ah, shoga yangu, ile ilikuwa tofauti, sisi hatukuwa kwenye runinga.

Ndiyo maana nilikwenda mahakamani. Nguo za Abilio nilizifua mimi, maana mjane hazigusi. Niliapa mbele ya msalaba, nikasema nilichokiona: vumbi, grisi ya lori, na majani ya koka ya kutafuna mfukoni. Kama kulikuwa na sumu, sikuiona wala sikuinusa. Kama Saturnina aliua au hakuua, sikusema. Mimi naamini hakuua, lakini Mungu ndiye anayeona moyo, mimi niliona nguo.

Na hapo ndipo Saturnina alipotabasamu.

Nchi nzima imelitazama tabasamu lile. Yule bwana wa miwani amelichorea duara mpaka nimeliota mimi. Mwendesha mashtaka akimalizia maneno yake aliwaomba majaji wamkumbuke mjane anayetabasamu nguo za marehemu mumewe zikitajwa. Hukumu itasomwa Ijumaa. Akitiwa hatiani, binti yake Yenifer atakuwa na watoto wake mwenyewe kabla hajamwona mama yake nje ya kuta za gereza.

Sasa nikwambie neno ambalo sijamwambia mtu, ila wakili wa Saturnina peke yake. Uliona sawasawa, kaka. Niliangalia chini makusudi.

Yenifer ni binti yangu wa ubatizo, na tangu mama yake akamatwe anaishi kwangu. Hajaruhusiwa kumwona. Nimemfundisha kushona ili mikono yake iwe na kazi. Kabla sijasafiri aliiomba sketi yangu nyeusi, ile ya misa, akashona kuku kwenye pindo, wa uzi wa njano, mkubwa kama kiganja. Kuku ana miguu mitatu. Nikamwambia mwanangu, hapa umezidisha. Akasema huo wa tatu ni wa kupumzikia.

Mahakamani nilikatazwa kusema na Saturnina au hata kumpungia mkono. Runinga ilinionyesha kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa hiyo hamkuona kitu. Nikaliangalia pindo, nikamwangalia yeye, nikaliangalia tena pindo, mpaka macho yake yakafuata yangu. Akamwona kuku. Niliiona midomo yake ikihesabu miguu.

Wakili ameniambia nikilisema hili, watadai tulipeana ishara, na ushahidi wangu wa nguo huenda ukatupwa. Nikinyamaza, tabasamu litabaki kama walivyolisoma. Ameniachia niamue. Usiku kucha nilishika rozari, na nimeamua: kesho nakwenda na sketi yangu kwenye mfuko, kuomba majaji wanisikilize kabla ya Ijumaa. Niliapa kusema kweli yote, na kuku ni sehemu ya kweli. Kuhusu nguo, nimemwomba Mama Nely aje naye aeleze desturi ya siku ya tano. Amesema kesho ataumwa. Primitiva, pamoja na kununa kwake, amesema atakuja, mradi avae kofia yake mpya.

Utuombee, kaka. Na ukiniona tena kwenye runinga natikisa mguu, ujue ni goti.

Yenifer anakusalimu, yuko hapa ubavuni kwangu. Aliniuliza kama mama yake alimwona kuku. Nikamwambia alimwona, tena alitabasamu. Akafikiri kidogo, akaniuliza sasa mbona watu wamekasirika. Ukipata la kumjibu, uniandikie.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na Bikira awafunike nyote.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amekasirika,
Eduviges