Kovu la Mastura na Kioo cha Harusi

Mpendwa Bibi Rabea,

Nisikilize mpaka mwisho, kama unavyowasikiliza wengine wanaokuandikia gazetini kuomba ushauri, maana nyumbani wamekwisha kuchoka kunisikiliza. Mimi ni mpiga picha wa Kabul, na huu ni mwaka wa arobaini na moja naishi Peshawar. Zamani nilisafisha sura za watu kwa penseli na wino mwekundu, siku hizi nafanya kwa kompyuta, lakini sheria yangu ni ileile: chunusi itakayopona wiki ijayo naiondoa, weusi chini ya macho naupunguza bila kuumaliza, vinyweleo vya ngozi naviacha vionekane, na kile ambacho mtu atazeeka nacho sikigusi.

Sasa imekuja posa kutoka Hamburg, ya mjukuu wangu Mastura, na wenyewe wanataka picha. Mastura ana kovu shavuni, la ukubwa wa kifungo cha shati, aliloachiwa na kidonda cha mwaka, kile cha kuumwa na usubi kisichopona mpaka mwaka upite, alichokipata kiangazi kile tuliporudi Kabul akiwa na miaka sita, na aliyeshikilia turudi ni mimi. Mama yake, Nasrin, mke wa mwanangu, alisimama nyuma ya kiti changu akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Baba, futa hicho."

"Sifuti."

"Mabinti wa watu unawasugua mpaka wanang'aa kama sahani, wa kwako ndiye unamfanyia ubahili?"

"Kovu nilimfuta mmoja tu. Umesahau yaliyotokea?"

Hajasahau. Yule binti wa jirani nilimwondolea kovu kwa kusihiwa na baba yake, na siku ya harusi, maharusi walipofunikwa shela moja kwa desturi yetu na kuwekewa kioo waonane humo kwa mara ya kwanza, bwana harusi akauliza ukumbi mzima ukisikia, "Huyu ni dada yake?" Siku ile niliapa.

Mastura alipita na birika akasema, "Babu, na mimi niulizwe basi," tukamwambia alete sukari. Nasrin ameapa kwamba posa ikivunjika hatanipikia tena, nami nimemjibu nitakula mkate na chai, na kompyuta nimeitia neno la siri. Kovu lile ni Kabul yangu, Bibi Rabea. Safari ile hatukurudi na kitu kingine. Niambie kama nakosea, ingawa sifuti.

Ghawsuddin, mpiga picha

*

Ustadh Ghawsuddin,

Mkate na chai havitoshi kwa umri wako. Kunywa na supu. Kukataa umekataa vizuri. Mwambie Nasrin nimesema mimi: mama wa bwana harusi anayekimbia kovu la kifungo leo, kesho atakimbia mvi. Mtu huyo abaki na peremende zake za kufungia uchumba hukohuko Hamburg.

Sasa kaa nikugombeze. Nasrin amesema, wewe umesema, mpaka bwana harusi wa jirani amesema. Mwenye shavu alipofungua mdomo mkamtuma sukari! Halafu unaniambia kovu ni Kabul yako. Yako kwa lipi? Aliyeumwa mwaka mzima ni yeye. Mimi nami nilikimbia kwetu Herat na bilauri moja ya buluu, na miaka yote hii naiweka kwenye rafu yangu. Siiweki usoni pa mjukuu.

Fanya hivi. Fungua hilo neno la siri. Mkalishe Mastura kwenye kiti chako, kipanya mkononi mwake, Nasrin asimame mlangoni na mdomo wake aufunge. Mtolee picha mbili, yenye kovu na isiyo na kovu, na kando yake weka kioo cha mkononi. Msimulie yaliyompata binti wa jirani, maana hilo ni haki yake kulijua, kisha nyamaza. Wewe, Ustadh, nyamaza kabisa. Atakayoichagua ndiyo itakayokwenda Hamburg, na atakayeichukia asitie mguu nyumbani kwenu.

Na chai ya siku hiyo pika wewe. Sukari ukailete mwenyewe.

Rabea