Kiplastiki cha Meno Yako, Sekela

Mdogo wangu Sekela,

Nianze na habari njema, maana mimi na bahati tumenyonya ziwa moja. Siku ya harusi yako usinihurumie hata kidogo: nilikuwa Lusaka. Bosi alinichagua mimi kati ya mautingo wote wa Tunduma, nikapanda lori jipya lenye kitanda nyuma ya dereva, nikala kuku mzima hotelini peke yangu, muziki unapigwa. Hata mwaliko wako ungekuja, usingenikuta. Watu wa safari ndivyo tulivyo.

Picha nimeziona kwenye simu ya jirani. Umecheka, meno yamepangana kama mahindi ya Iyula. Jirani akaniuliza, "Huyu si mdogo wako? Mbona wewe humo?" Nikamwambia sura yangu inaharibu simu za watu.

Meno hayo nayajua kuliko mumeo. Unakumbuka yalivyokuwa, kila jino na njia yake, kama malori kwenye foleni ya mpakani. Mama akakupeleka Mbeya ukafungwa waya, na waya zilipotolewa ukapewa kile kiplastiki cha kuvaa usiku, cha kushikilia meno yasirudi yalikotoka. Ulirudi nacho kwenye kikasha chake, unawaonyesha watu kama pasipoti.

Halafu ukaja msimu wa kipindupindu. Gari la matangazo likapita mtaani: chemsheni maji, chemsheni vyombo. Mama hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Akachemsha vikombe, vijiko, na kiplastiki chako humo humo kwenye sufuria. Kilipotoka kimejikunja kama ganda la kiazi. Ulilia mpaka kwikwi. Mama akakaa jikoni, ugali unapoa mbele yake, anarudia, "Nilitaka kukulinda, mwanangu. Kukulinda tu."

Ili upate kingine aliuza kahawa yake ingali mbichi mtini. Msimu ulipofika akaichuma kwa mikono yake, kwenye shamba lake mwenyewe, ikiwa kahawa ya mtu mwingine. Hilo umewasimulia wakwe zako?

Kuanzia hapo usafi nikaushika mimi. Mimi niliyeishia darasa la sita nilimzibia daktari mlango mpaka akanieleza yote: maji ya vuguvugu, ya moto marufuku, mswaki laini na tone la sabuni ya vyombo, dawa ya meno usiiguse, inakwaruza. Kikianza kunuka, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kiloweke kidogo, kisha suuza sana. Siki ikiisha, kijiko cha bekingi soda kwenye maji.

Siki nilikuwa naifuata ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Yule mama muuzaji akanishangaa: "Kila wiki siki! Unapika kachumbari ya harusi?"

"Napika meno, mama."

Na asubuhi pale bombani, baridi inauma, mimi nasugua, majirani wanakufa kwa kicheko. "Jamani, utingo anampigia mswaki mtu ambaye hayupo!" Nikawajibu, "Nyie wenyewe mpo na hamjapiga." Wewe ukatoka umejifunika kitenge, ukakinusa. "Kaka, leo hakinuki mbuzi." Ukakivaa, ukacheka, ukasema, "Baba hayupo. Nikiolewa, wewe ndiye utakayenishika mkono."

Sikukuomba useme hivyo. Ulisema mwenyewe.

Mama tulimzika, ukaenda chuo, ukapata watu. Kisha akaja shangazi, kainamisha macho. "Baba, Sekela anasema ukweni ni watu wakimya. Na wewe mdomo wako hauna breki." Nikacheka. Nilicheka, Sekela, mpaka shangazi akaaga akaenda zake. Mkono wako akaushika baba mdogo, mtu ambaye hajui hata kama meno yako yaliwahi kupinda.

Daktari aliniambia meno yakiachwa yanarudi taratibu kwao. Basi meno yana utu kuliko wewe.

Nimeandika hilo na sitalifuta. Lakini kama bado unakivaa, nakuomba usikitie maji ya moto, na ukipata msichana wa kazi mweleze mapema, asije akafanya kama Mama halafu ukamfokea. Mumeo nasikia ni mpole. Mungu akutunzie. Mtoto akija na meno ya ukoo wetu, usimfiche.

Kaa salama huko, mdogo wangu.

Ile ya Lusaka ni uongo. Sikwenda popote. Siku ya harusi yako nilishinda ndani, nimevaa suti, simu mkononi, nasubiri ubadili mawazo.

Mimi,
Kaka yako, tumbo moja