Kile Kisu cha Gurudumu Ulichomtumia Mama

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakuita mpendwa kwa sababu barua huanza hivyo. Hujambo? Shemeji hajambo? Wanangu wazima? Sisi huku tuzima, ila baridi yabisi bado inamtesa mama vidole, na mimi nina hasira nawe tangu kifurushi chako kifike. Nimekusalimu kwanza nisije nikaambiwa sina adabu.

Nani alikuomba kile kisu cha gurudumu? Mtu hajui hata mama anakunywa dawa gani, halafu anatuma wembe wa duara wenye mpini, na mkeka wa kukatia, na rula ndefu kama ya mwalimu mkali. Ndiyo umeshamtunza mama hivyo? Hongera.

Tangu vidole vimkatae, mkasi nilishika mimi. Ulijua? Hukujua, hukuwepo. Kila nikitoka kazini nampitia, ananichorea kwa chaki, mimi nakata, yeye ananisema: "Unakata kitambaa au unalima?" Tunagombana, tunacheka, chai inapoa. Hizo ndizo zilikuwa jioni zetu, mimi na yeye.

Siku tulipofungua kifurushi, akalaza rula, akaikandamiza kwa kiganja, akasukuma hicho kidude chako. Krrr! Tabaka nne za kitambaa zikaachana mara moja, kingo zimenyooka, na vidole havikumuuma. Akakitazama kiganja chake. "Kumbe bado nimo," akasema, akalia. Na mimi nikalia, ila machozi yangu yalikuwa ya wivu. Nakuambia wazi usije ukadhani nilikuwa nakushukuru.

Sasa nikifika nakuta kazi imeisha. Vipande vya mraba vimepangwa kwa rangi, vinangoja kuunganishwa viwe blanketi. Naambiwa, "Kaa upumzike, mwanangu, umechoka." Nani kasema nimechoka? Nakaa pale kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Juzi nikasema leo lazima nifae kitu. Mama alipokwenda kuoga nikamtandikia kitambaa mezani, nikakibana kwa pini pande zote, vile alivyotufundisha mwenyewe: kitambaa kisichobanwa hukimbia mkasi. Akarudi, miwani hana, akasukuma. Ka! Gurudumu likapanda pini. Wembe umeingia pengo, na sasa kila ukizunguka unaacha nyuzi chache hazijakatika. "Hiki hakitaki pini," mama akaniambia. "Kinataka rula na mkono tu. Mbona hukuuliza?" Niulize nani, na mwenye kukileta yuko ng'ambo? Na usicheke!

Kwa hiyo kama ulidhani nimekukumbuka, pole, nimetumwa. Mama anataka wembe mpya, saizi ile ile. Amenirudishia mkasi, na ungedhani nimefurahi. Jana nilimkatia vipande vyote kombo, hakunisema hata neno moja. Alikaa na mikono kwapani, anatazama dirishani. Bora anitukane, mdogo wangu. Kimya kile sikitaki nyumbani kwetu, kwa hiyo utume haraka, usiniletee visingizio vyako.

Na blanketi lenyewe, ujue, ni lako. Mimi ninayemkanda magoti nimeambiwa nitashonewa baadaye. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ila blanketi naona inalipata.

Mjomba fundi viatu anakusalimu, anauliza kama huko mlipo simu hazipigi. Shangazi anakusalimu pia, yeye hana neno nawe, ni mwema kuliko mimi. Msalimie shemeji, wabusu wanangu. Mungu akufunike kwa rehema zake, akupe na akili ya kuuliza kabla ya kutuma vitu.

Kabla sijafunga bahasha, hili lisome mara mbili. Kubadilisha wembe kunataka kufungua skrubu iliyo nyuma ya mpini, na ile skrubu imekaza. Mama alijaribu kwa vidole vyake vile, akashindwa, akanipa mimi nikaifungua. Hiyo kazi ni yangu. Nimesikia kuna visu vingine vya kisasa, unabonyeza tu wembe unatoka. Ole wako umtumie.

Wako akupendaye, hata leo,

Dada yako.