Chembe Zisizo na Alama

Kitengela,
9 Mei 2004

Kwa Yeyo, mama yangu,

Takwenya. Najua umeitikia "iko" hapo ulipo, hata kama umenuna. Unisamehe kunyamaza tangu Januari. Kila nikishika kalamu mkono unachoka kabla sijamaliza kuandika Bisil. Goti lako liko aje? Na Soipan wangu, bado anakataa uji usio na sukari?

Yeyo, ugonjwa sasa uko na jina, lakini ni refu na halitakusaidia. Wacha nikueleze tu. Unakumbuka ile chupa ya jam uliyoiona dirishani, yenye mkojo mweusi kama chai ya strungi, ukambeba mtoto ukaenda naye siku hiyo hiyo? Haikuwa uchafu. Mkojo wangu huwa mweusi nikiamka, na kufika saa sita umekuwa safi. Nilikuwa nafika hospitali Nairobi, napanga laini mpaka mchana, wakipima hawaoni kitu. Wakasema ni mawazo mengi. Ndipo nikaanza kubeba ule wa asubuhi. Daktari Mbithi aliangalia hiyo chupa, akaacha kuandika. Akatoa damu ikapelekwa kwa mashine.

Anasema hivi. Mwili uko na kinga yake, kama morani wanaolinda boma. Ikikuta kitu kigeni inakitoboa. Lakini chembe za damu huvaa protini fulani juu ya ngozi yao. Hiyo ndiyo alama yao, kama vile ng'ombe zenu zimekatwa masikio. Kinga ikiona alama, inapita. Chembe zangu zinatoka ndani ya mfupa bila alama hiyo. Kinga inazitoboa, zinapasuka, na rangi yake inatokea kwa mkojo.

Basi ni hivyo. Sikuumwa na kupe kama ng'ombe wanaokojoa damu. Sikuzaliwa na ugonjwa huu, na Soipan hawezi kuupata kwangu, hata kwa maziwa aliyonyonya. Nilimuuliza daktari hilo, nikarudi nikamuuliza tena.

Ile dawa ya ng'ombe uliyompa mume wangu Sankale aniletee sikumeza, usikasirike. Akoth wa mlango wa pili aliiona akaniuliza, "Mama Soipan, na ng'ombe mwenyewe yuko wapi, chini ya kitanda?" Nilicheka kidogo.

Mwisho wa mwezi Sankale akitoka kazini Namanga atapita kwako amchukue mtoto. Nimeshatandika kitanda chake.

Ni mimi binti yako,
Mama Soipan


Bisil,
1 Juni 2004

Mama Soipan,

Takwenya na wewe. Naandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa ngumbaru, darasa letu la watu wazima, ananisahihisha, kwa hivyo maneno mengine makali ameyatoa. Sisi ni wazima. Mtoto anakula, hata huo uji.

Sankale alirudi mikono mitupu. Mimi ndiye nilikataa, usigombane naye. Nimeona ng'ombe wakikojoa mkojo mwekundu tangu nikiwa msichana. Mmoja akianza, tunaondoa ndama hapo kwanza, maswali baadaye. Huyo daktari wako amesoma damu, sawa. Amechunga? Ni ndama wangapi wamemfia mkononi?

Lakini hiyo alama nimeifikiria. Kwetu ndama akizaliwa hana alama, tunamtia. Mwambie daktari azitie hizo chembe zako alama. Akimaliza, njoo umchukue mtoto wewe mwenyewe. Nitachinja mbuzi.

Yeyo


Bisil,
22 Agosti 2004

Mama Soipan,

Hujambo mwanangu? Hukujibu. Nikasema ni kiburi, na mimi nikanyamaza kwa kiburi changu. Sasa Sankale ndiye ananiambia damu iliganda tumboni na umelala wodini tangu Julai. Mbona mnanificha kama mimi ni mgeni?

Nikuambie kitu. Tangu barua yako, kila asubuhi namkojolesha Soipan kwa kikombe cheupe cha bati. Nakipeleka mlangoni kwenye mwanga naangalia. Ni safi. Kila siku ni safi. Juzi huyu mjukuu wangu ameniuliza, "Kokoo, unatafuta nini humo?" Nikamwambia niliangusha shanga.

Jibu hata mstari mmoja. Uniambie wametia alama.

Yeyo


Kitengela,
14 Novemba 2004

Yeyo wangu,

Takwenya. Nisamehe tena. Barua yako ilinikuta wodini nikaiweka chini ya mto. Nimetoka Oktoba. Nakula, nalala. Silii. Niliacha kulia wakati fulani, hata sijui ni lini.

Hawawezi kutia alama. Inatengenezwa ndani ya mfupa, na mifupa yangu imesahau kazi hiyo. Wazungu wanajaribu dawa ya kuishika ile kinga isitoboe. Hapa kwetu haijafika. Niko na tembe za kuzuia damu isigande, na nikiishiwa naongezewa damu. Damu ya watu wengine iko na alama yake, kinga inaiacha, nami nakaa vizuri kwa muda. Kisha inaisha.

Daktari amesema nisibebe mimba tena. Sankale anajua, nawe ujue, mtu asije kunitajia kijana wa kurithi ng'ombe. Mtoto wetu ni huyu mmoja.

Nitaishi mpaka lini, sikuuliza. Naweza kumwosha na kumlisha. Kumbeba mgongoni siwezi, lakini ameshakua. Nikilazwa atarudi kwako, na hiyo nakuahidi kabla hujaomba, kwa sababu najua ulimchukua kwa kumpenda. Ila siku zile niko nyumbani, mtoto akae na mamake. Hili siombi, Yeyo. Nakuambia.

Sankale atakuja Jumamosi.

Binti yako,
Mama Soipan

Vitu vya kumpa Sankale:

Soipan.

Kadi yake ya kliniki.

Ile sweta ya kijani, hata kama mikono imekuwa mifupi.

Viatu alivyoondoka navyo Januari. Najua havimwingii. Nataka kuviweka kando ya mguu wake nione.

Maziwa ya mgando, kibuyu kile kidogo. Nimeyatamani.

Kikombe cheupe kibaki huko. Hapa ataenda choo arudi kucheza, na hakuna mtu atachungulia.