Kapu la Pili

Jumanne, 30 Septemba

Umeme ulikatika saa kumi. Kapu la kwanza lilikuwa limeshatoka tanurini. La pili bado halijaingia — shafti thelathini za pampu, kila moja nusu chuma cheusi, nusu chuma kisichoshika kutu, zimeunganishwa kwa msuguano asubuhi hii. Lakini kwenye daftari la tanuri nilikuwa nimeshaandika makapu yote mawili: nyuzi mia sita, muda wa saa mbili. Niliandika mapema ili nimalizie kusoma riwaya yangu.

Umeme uliporudi, tanuri lilikuwa limeoshwa, limepakwa rojo la msandali, limevishwa maua. Kesho ni sikukuu ya zana. Kifaa kikishavishwa maua hakiwashwi mpaka keshokutwa.

Appa, baba yangu, aliuliza, daftari limejazwa? Nikasema limejazwa. Kweli limejazwa.

Jumatano, 1 Oktoba

Mashine zote zimepumzika. Vitabu pia — vyote vimepangwa mbele ya picha ya mungu wa elimu, na leo kusoma ni mwiko, kuandika vilevile. Naandika kwa kipande cha penseli nilichokificha. Daftari la tanuri liko juu kabisa ya rundo langu, na alama nyekundu kwenye jalada. Uongo wangu umeombewa dua.

Karakana haijawahi kuwa kimya hivi. Tulikuwa tunakula dengu za nazi. Ndipo ikasikika — tik. Kutoka kwenye makapu. Tukaacha kutafuna. Ikasikika tena.

Kaka Kathir, fundi wetu, akacheka. Eti huyo ni marehemu bosi, amekuja kudai dengu zake. Amma, mama yangu, akamwambia afunge mdomo. Kisha mwenyewe akaweka kijiko cha dengu kwenye jani, karibu na makapu. Appa akageukia ukuta.

Marehemu ni baba yangu mdogo, Ilango. Tanuri lilikuwa lake. Mwaka jana shafti ilikatika kwenye mashine ya majaribio, ikampiga kifuani. Daftari nikapewa mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Vyuma viwili tofauti vikishikana, pale kwenye kiungo panabaki pagumu, pamekaza mno. Moto wa pili, wa polepole, ndio unaopalegeza. Kiungo kikiukosa hupasuka chenyewe, hata kikiwa kimelala kapuni. Utakisikia, alisema.

Imelia mara tano mpaka jioni. Laiti ungekuwa mzimu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nilipanga kuwahi, niliingize kapu la pili tanurini kabla mtu hajafika. Kaka Kathir alikuwa ameshafika. Kapu la pili liko miguuni pake, kwenye mashine ya majaribio.

Appa alilifungua daftari kwa mikono miwili, akasoma mstari wangu kwa sauti. Makapu yote mawili. Safi. Akasema nina mwandiko wa Ilango, na machozi yakamlengalenga. Kisha akatoka kwenda kupokea wageni.

Nimechukua shafti moja. Kwenye kiungo kuna mstari, mwembamba kama unywele. Nimepitisha ukucha. Ukakwama.

Nimefungua mdomo mara mbili.

"Profesa, unataka kusema kitu au nikuletee kipaza sauti?" Kaka Kathir akanitania.

Nikasema hakuna kitu. Hakuna kitu! Nimerudi mezani.

Anakunywa chai, amesimama pale pale aliposimama Baba Ilango. Amesema ikiisha anawasha mashine. Nimeukata mstari wangu kwenye daftari, kalamu imetoboa karatasi. Haisaidii. Nani ataufungua tena ukurasa huo? Mstari umeshasomwa.

Tik.

Ameliangalia kapu, akacheka. "Subiri, bosi, namalizia chai."

Anainamisha kikombe, anatazama kilichobaki. Naandika nimesimama. Sauti yangu isipotoka safari hii, nitakwenda nilikalie lile kapu, asichukue shafti hata moja —